Daftari la deni Kongowea: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti 2024

Januari

Mradi ni daftari la deni la kwenye simu. Wauzaji wa jumla wa nyanya, vitunguu na viazi katika soko la Kongowea, Mombasa, wameungana katika kikundi na wanataka kuweka pamoja mambo ambayo leo yametawanyika: kitabu cha jalada gumu, ujumbe wa M-Pesa, picha za WhatsApp na yale ya kichwani. Mzigo unashuka usiku. Nyanya zinatoka Loitoktok na Taveta, viazi Nyandarua, machungwa ya Tanga yanavuka mpaka wa Lungalunga. Kabla ya jua kuchomoza, wenye vibanda wamekwisha kuchukua kreti zao. Wachache hulipa palepale. Wengi huchukua kwa deni, wakauza mchana, wakalipa jioni kwa till, namba ya M-Pesa ya biashara, tena nusu nusu. Ikifika Ijumaa hakuna mwenye hakika nani amebakiza nini, na ugomvi huanzia hapo.

Nimemuuliza kila mtu wa kamati swali moja: ni jambo gani likitokea utalitupa daftari hili? Mama wa vitunguu, mkubwa wao kwa umri, hakufikiri hata kidogo. "Mwanangu, mtandao ukienda, deni langu lisiende nao." Nimeliandika neno lake juu ya ukurasa wa kwanza wa hati ya mradi. Kila uamuzi wa kiufundi utapimwa kwa hilo.

Uamuzi wa kwanza umepita bila ubishi: tunajenga kwenye wavuti, hatuendi Play Store. Simu nyingi za kikundi ni Android za chini ya shilingi 10,000, kama zile zinazounganishwa Athi River tangu kiwanda kilipofunguliwa Oktoba 2023. Hifadhi imejaa picha na sauti za WhatsApp. Kumwambia mtu afute picha za harusi ya bintiye apate nafasi ya programu yangu ni kumfukuza. Kiungo kinatumwa kwenye kundi, anabofya, daftari linafunguka, na akipenda analiweka kwenye skrini ya mwanzo kama programu nyingine yoyote. Alex Russell na Frances Berriman walizipa jina programu za wavuti za aina hii mwaka 2015. Wakati ule ziliendana na vivinjari vichache tu. Leo simu ya bei ya chini kabisa ninayoikuta sokoni inaziendesha bila shida.

Februari

Muundo wa msingi umesimama. Unategemea sevisi woka, kipande cha msimbo wa programu ambacho kivinjari hukihifadhi ndani ya simu kikakaa kati ya ukurasa na mtandao. Mtu akifungua daftari, sevisi woka hujibu kwanza kwa kurasa zilizokwisha kuhifadhiwa. Mtandao ukiwapo, inatafuta mapya; usipokuwapo, kazi inaendelea. Deni lenyewe linaandikwa kwenye IndexedDB, ghala la data lililomo ndani ya kivinjari, na kutumwa baadaye kwenye seva, kompyuta kuu ya mradi.

Kilichonichukulia muda mwingi ni kusawazisha. Muuzaji ana simu, mwanawe ana simu, kijana anayehesabu kreti naye ana yake. Wote watatu wanaandika bila mtandao, kisha mtandao unarudi. Nani afuatwe? Mifumo mingi humfuata aliyeandika mwisho na kufuta ya aliyetangulia. Kwenye pesa hiyo ni hatari kubwa: shilingi 500 zilizoingizwa na mwana zinaweza kupotea kwa sababu mama aliigusa rekodi ileile dakika moja baadaye. Kwa hiyo nimefuata desturi ya makarani wa zamani, ambao hawakuwa wakifuta mstari katika leja. Kreti imetoka, mstari. Malipo yameingia, mstari. Kuna la kusahihisha, mstari mwingine wenye jina la aliyesahihisha. Salio ni jumla ya mistari yote, basi simu zikikutana hazina cha kugombania, zinaunganisha tu.

Kila mstari unapewa kitambulisho chake simuni, kabla haujatumwa. Sababu ni hii: simu hutuma, seva hupokea, lakini jibu hupotea njiani, na simu hutuma tena. Bila kitambulisho, mwenye kibanda angedaiwa kreti moja mara mbili, na mradi wote ungekufa siku hiyo kwa haki kabisa.

Mawili zaidi ya kukumbuka. Saa ya simu si ya kutegemewa, maana simu iliyozimika kwa kuisha chaji inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Mpangilio wa mistari sasa unakwenda kwa namba ya mfuatano. Tena, kivinjari kikisema "mtandao upo" maana yake simu imeshika mnara tu. Bando likiisha, simu bado hujiona imeunganishwa. Daftari sasa linaituma seva ombi dogo kabla ya kuamini lolote.

Machi, mwanzoni

Mwezi uliopita Apple ilitangaza kwamba ndani ya Umoja wa Ulaya programu za wavuti zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo zingerudishwa kuwa alamisho za kawaida katika iOS 17.4, toleo la mfumo wa iPhone. Tarehe 1 Machi ikabadilisha msimamo na kusema zitabaki. Kongowea haimo Ulaya, lakini katibu wa kikundi anatumia iPhone, na jambo hili limenionyesha jinsi tunavyosimama juu ya ardhi ya watu. Nimeongeza kitufe cha kupakua daftari lote kama faili ambalo jedwali lolote la kompyuta linalifungua. Likitokea la kutokea, data ni ya muuzaji na anaondoka nayo.

Tukiwa kwenye iPhone: tangu 2020 Safari, kivinjari cha iPhone, hufuta data ambayo tovuti imeiweka kwenye simu endapo mtu hakuigusa tovuti hiyo kwa siku 7 za kutumia kivinjari. Lengo lao lilikuwa kuzuia wanaofuatilia watu mtandaoni, nami naliunga mkono. Programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo haimo kwenye sheria hiyo. Basi kwa mwenye iPhone, kuliweka daftari kwenye skrini ya mwanzo ni lazima, na ukurasa wa kwanza unamwambia hivyo kwa maneno mazito kabla hajaandika deni lolote.

Machi, Ramadhani

Jaribio la kweli limeangukia mwezi wenyewe. Biashara ya futari inapandisha mihogo, viazi vitamu, matikiti na nyanya, na deni linapanda nazo. Wauzaji wachache wanatumia daftari sambamba na kitabu.

Wanachokilalamikia ni uzito wa kugusa. Wanabofya "ongeza kreti", skrini inanyamaza kidogo, wanabofya tena, kreti zinakuwa mbili. Tarehe 12 mwezi huu Google imebadilisha kipimo chake cha wepesi wa kurasa: sasa inapimwa muda wa ukurasa kuitikia kila mguso katika ziara nzima, na kiwango kizuri ni milisekunde 200 au chini. Zamani walipima mguso wa kwanza peke yake. Kwa mtu wa Kongowea kipimo kipya ndicho cha haki, kwa kuwa yeye hagusi mara moja akaondoka. Anagusa alfajiri nzima, wateja wamemzunguka na hamali anapiga kelele apishwe.

Nimeondoa maktaba kubwa ya msimbo iliyokuwa ikichora kurasa na kuandika upya kwa msimbo mwepesi unaotegemea kivinjari chenyewe. Ukurasa wa wastani wa wavuti duniani leo una zaidi ya megabaiti 2 kwenye simu. Lengo langu ni daftari lote lisizidi kilobaiti 150. Kila kilobaiti inalipiwa na mtu anayenunua bando la siku. Sioni kwa nini anunue mapambo yangu.

Aprili

Baada ya Idi tumeanza malipo.

Safaricom ina mlango wa watengeneza programu uitwao Daraja. Daftari linatuma ombi, mwenye kibanda anaona dirisha kwenye simu yake likimtaka aweke PIN, na matokeo yanarudi kwenye seva yangu kwa anwani niliyoisajili. Matokeo yana namba: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa, 1037 simu haikufikika. Kwenye skrini ya muuzaji namba hizi nimezigeuza kuwa maneno, na maneno nimeyachagua pamoja na kamati. Hapo kwanza 1032 ilikuwa "amekataa kulipa". Mweka hazina akanizuia: "Kaka, hilo neno litavunja urafiki. Pengine simu alikuwa nayo mtoto." Sasa inasema "malipo hayakukamilika". Naliona badiliko hilo dogo kuwa miongoni mwa kazi bora za mwezi.

Kisa kigumu ni pale mtu amelipa, M-Pesa imemtumia ujumbe, na matokeo hayajafika kwenye seva yangu. Daftari halina haki ya kusema hajalipa. Linasema "linasubiri uthibitisho", linaendelea kuuliza hali ya muamala, na muuzaji anaweza kuandika kwa mkono ule msimbo wa herufi na tarakimu 10 ulio kwenye ujumbe. Matokeo yakifika baadaye na msimbo uleule, mistari miwili inatambuliwa kuwa malipo mamoja.

Mei 12 na siku zilizofuata

Jumapili. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine intaneti imeshuka vibaya.

Seva yangu iko Ulaya. Kuanzia mchana haikufikika isipokuwa kwa kubahatisha. Nilipita soko zima la jumla nikitazama skrini moja moja. Daftari lilifunguka, kreti ziliandikwa, malipo ya fedha taslimu yaliandikwa, salio zilijumlishwa. Juu ya kila skrini palikuwa na mstari wa kijivu: "yamehifadhiwa kwenye simu hii, yatatumwa mtandao ukirudi". Kilichosimama ni maombi ya malipo tu, kwa kuwa hayo hupitia kwenye seva. Wauzaji wakarudi kwenye till na kuingiza msimbo kwa mkono. Ujumbe wa M-Pesa uliendelea kuwaingilia. Mfumo wa M-Pesa ulihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya mwaka 2015, na siku kama hii mtu anauona umuhimu wa uamuzi ule.

Swali lililobaki limenikaba. Mombasa ndipo zinapotua nyaya hizi zote, EASSy, Seacom, na TEAMS iendayo Fujairah. Muuzaji na mteja wake wanatenganishwa na mtaro wa maji machafu. Kwa nini deni la kreti tatu lisafiri hadi Ulaya ndipo lirudi kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa mtaro? Kenya ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, chenye matawi Nairobi na Mombasa, na mitandao iliyoungana hapo hupeana data bila kuvuka bahari. Mwelekeo mkubwa wa wavuti sasa ni kusogeza seva karibu na mtumiaji. Wengi huueleza kwa kasi. Kwetu sisi maana yake ni soko kuendelea.

Mwisho wa mwezi nimehamishia seva kwa kampuni ya hapa nchini iliyounganishwa KIXP. Ya Ulaya inabaki kuwa nakala ya akiba. Gharama imepanda, na kamati imekubali kuigawana.

Juni

Mambo ya kuingia. Hadi sasa tulikuwa tunatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Kila ujumbe una bei yake, tena wizi wa laini unajulikana na kila mtu: tapeli anasajili upya namba yako kwenye laini yake, na kila ujumbe wako unamfikia yeye. Nimejaribu funguo za siri (passkeys), ambazo Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja Mei 2022 kwamba watazieneza. Ufunguo unakaa ndani ya simu, mtu anathibitisha kwa kidole au kwa PIN ileile ya kufungulia skrini, na hakuna nenosiri la kuibwa. Ufunguo umefungwa kwa anwani ya tovuti moja. Tovuti ya kughushi inayofanana na yetu haiwezi kuupata hata mtu akidanganyika.

Kwa simu za mtu binafsi zimefanya kazi vizuri. Ugumu uko kwenye simu ya kibanda, ambayo mama, mwana na kijana wa kazi wote wanaijua PIN yake. Hapo nimeweka tarakimu nne za kila mtu ndani ya daftari, ziulizwe pale tu anaporekodi malipo au kusahihisha mstari.

Hoteli za Nyali na Diani zinazonunua kwa wanakikundi zinadai ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), kwa sababu tangu Januari mwaka huu matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi katika hesabu ya kodi. Muuzaji aliyekuwa akipeleka nyanya kwa neno la mdomo sasa anaulizwa ankara mlangoni. KRA ina njia ya *222# kwa wasio na kompyuta, na wengine wameanza kuitumia. Daftari linawaandalia jumla na majina ya wanunuzi ili kuingiza kuwe kwepesi. Kuunganisha moja kwa moja nitakurudia baadaye.

Kisha faragha. Daftari lina majina, namba za simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Ibara ya 31 ya Katiba nayo. Mwenye kibanda ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake. Nimemtengenezea kiungo cha kwake: anaona mistari yake yote na anaweza kupinga mstari. Baadhi ya wauzaji walinuna. Baada ya wiki chache walewale walikuwa wakituma kiungo wao wenyewe, maana mteja anayeona hesabu yake habishi Ijumaa.

Hapa wavuti inanipa kitu ninachokithamini sana. Kila mtu Kenya anakumbuka programu za mikopo zilizokuwa zikichota namba zote za simu ya mkopaji, kisha shemeji na mwajiri wakapigiwa simu za aibu. Benki Kuu ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 baada ya vilio hivyo. Tovuti haiwezi kusoma orodha ya majina yako. Kwenye Chrome ya Android inaweza tu kukufungulia orodha ili wewe uchague majina unayotaka na kuyakabidhi. Mipaka hiyo ya kivinjari wengine huiona upungufu. Mimi naiona ulinzi wa mteja wa Kongowea, na ni sababu ya pili ya kubaki kwenye wavuti.

Julai

Ombi la sauti. Mtu ameshika neti ya vitunguu kwa mikono miwili, anataka kusema tu "mama wa Bombolulu, neti nne, mia nane" na iandikwe.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni utambuzi wa sauti uliomo ndani ya kivinjari, ambao kwa Chrome hupeleka sauti kwenye seva za mbali. Mtandao ukienda, sauti inaenda nao, na hilo limeshindwa kwa kipimo cha Januari. Ya pili ni modeli ndogo ya wazi inayokaa ndani ya simu na kuendeshwa kwa WebAssembly, teknolojia ya kuendesha programu nzito ndani ya kivinjari, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti Desemba 2019. Hiyo inawezekana, ila faili lake ni makumi ya megabaiti na simu ya RAM ndogo inapata joto. Kiswahili chake nacho ni cha vitabuni. "Mia nane" inaisikia. "Soo nane" inaiandika upuuzi, na soko halihesabu kwa Kiswahili cha vitabuni.

Nimeamua tuiweke kando kwa sasa na kushughulikia data yenyewe. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za kujitolea, Kiswahili kimo, na rekodi zake zinatolewa huru kwa yeyote. Vijana kadhaa wa sokoni wamekubali kusoma sentensi huko kwa lafudhi yao ya pwani. Modeli za kesho zitajifunza kwa sauti zilizopo, tusipokuwamo, hazitatusikia.

Mfadhili mmoja aliyetutembelea alitaka akili mnemba itabiri nani hatalipa. Nimekataa, na kamati imekataa pamoja nami. Mwenye kibanda anayechelewa wiki hii pengine amefiwa au mvua imemwozesha nyanya, na muuzaji wake anayajua hayo kuliko hesabu yoyote. Alama ya rangi nyekundu kando ya jina ingesambaa soko zima kabla ya adhuhuri, na kuifuta ni kazi ya miaka. Daftari litasema nani anadaiwa nini. Kumwamini mtu kunabaki kuwa kazi ya watu.

Agosti

Hali ilivyo: wauzaji wengi wa kikundi wameacha kitabu kwa mauzo ya kila siku, mama wa vitunguu bado anaandika kote kuwili na sitamwomba aache. Arifa za jioni zinafanya kazi kwenye Android, na kwenye iPhone zinafanya kazi kwa waliokwisha kuweka daftari kwenye skrini ya mwanzo, kwa kuwa Apple ilizifungua kwa programu hizo katika iOS 16.4, Machi 2023.

Yanayofuata, kwa mpangilio wa umuhimu. Simu iliyopotea: tunahitaji njia ya muuzaji kufunga daftari la simu iliyoibiwa kutoka simu nyingine, na kurudisha mistari yake kwenye simu mpya bila kunitegemea mimi. Kisha eTIMS moja kwa moja. Kisha maandishi makubwa na rangi zinazoonekana kwenye jua kali, ombi la wazee wawili ambalo limesubiri mno. Wauzaji wa machungwa wameuliza kama wenzao wa Muheza wanaweza kutumia daftari hilihilo kwa shilingi ya Tanzania na Lipa Namba, namba ya malipo ya kule. Mistari ya sarafu mbili katika salio moja inahitaji fikra, maana bei ya kubadilisha pesa mpakani hutofautiana asubuhi na jioni. Jumatatu nakutana na mweka hazina tuanze na simu iliyopotea.